Sampuli ya Hapana

4 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu utanikatiza kabla sijafika katikati, na hili nataka ulisikie lote.

Kwanza Twiga. Anaendeleaje? Mama Mkubwa aliniambia kwa ufupi tu kwamba mwanawe amelazwa tena, kwamba uboho wake umeacha kutengeneza damu, halafu akaanza kulia na simu ikakatika. Mwambie Twiga nimekataa aumwe. Mwambie pia kwamba bado sijamaliza kumcheka kwa ule urefu wake usio na kazi.

Sasa mkasa wangu. Kazi yangu unaijua, ile unayoiambia mitaa yote kuwa ni ya kupasua panya: tunachunguza damu inavyoanza ndani ya vijusi vya panya. Wiki hii tumeletewa rangi mpya ya kutambua seli za kiume. Ukiiweka kwenye damu ya mwanaume, chini ya darubini kila seli nyeupe inawaka nukta ya kijani. Kwenye damu ya mwanamke haiwaki kitu. Kabla hujaiamini rangi, unapima damu mbili unazozijua, moja ya "ndiyo" na moja ya "hapana". Sisi hatuhangaiki kutafuta damu nje. Mikono tunayo, sindano tunazo, kila mtu anajitolea mwenyewe. Mwenzangu wa meza ya pili, tunayemwita Ndevu, akatoa ya ndiyo. Mimi nikatoa ya hapana.

Mama, niliwaka.

Siyo seli moja mbili. Karibu theluthi nzima ya seli zangu zilikuwa na nukta ya kijani. Nilitoa jicho kwenye darubini, nikalipangusa, nikalirudisha, na kijani kiko palepale. Ndevu alicheka hadi akashika tumbo, akasema, "Karibu chamani, kaka." Profesa hakucheka. Alisema nimechanganya vichupa, kwamba mtu asiyeweza kutenganisha damu yake na ya jirani yake hafai kugusa vijusi vyake, na nikirudia nitahamia kwenye kuosha vyombo. Nikamwomba anitoe damu yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Akanitoa. Zikawaka tena.

Hapo alifunga mlango, akashusha sauti, akaniuliza kama nimewahi kubeba mimba ya mtoto wa kiume. Anasema mama anaweza kubaki na seli za mwanawe mwilini kwa miaka mingi. Nilibaki mdomo wazi kama chura. Hata sasa sijaufunga vizuri.

Niambie umelichukuliaje.

Mwanao,
Chiriku

11 Machi

Chiriku,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena, na wakati huo pasi imeunguza gauni la mteja. Tundu la ukubwa wa kiganja, kifuani kabisa. Gauni la harusi ya watu.

Sasa nijibu bila kuzungukazunguka. Mtoto yuko wapi?

Usinitajie rangi wala darubini. Mimi ni fundi cherehani lakini si mjinga. Profesa wako kasema mwanamke hubaki na damu ya mtoto wa kiume aliyembeba. Wewe una damu ya mtoto wa kiume. Basi ulimbeba! Ni ule mwaka uliosema huji nyumbani kwa sababu ya mitihani? Umempa nani? Anamlea nani? Mimi mama yako nipate habari hizi kwa maswali ya Profesa? Mwanamke anayemficha mtoto hapati usingizi maisha yake yote, nakuambia, kila mlango ukigongwa moyo unamruka. Sema sasa, yaishe.

Twiga yuko vilevile. Anaongezewa damu, uso unarudi rangi kidogo, halafu unazimika tena. Anatania manesi, usiku anatoka damu puani. Daktari alituita mimi na dada chumbani kwake. Akasema njia iliyobaki ni kupandikizwa uboho wa mtu mwingine, na anayefaa kuliko wote ni ndugu wa tumbo moja. Akauliza kama yupo. Dada akamjibu kwamba Twiga ni mtoto wake wa pekee. Dada mwenyewe umri umekwenda na presha inamsumbua, hawakutaka hata kumpima. Daktari akasema basi watatafuta kwingine, lakini hataki kutupa tumaini la uongo, kwa mtu baki ni vigumu.

Tangu siku hiyo chakula hakinipiti.

Nasubiri jibu kuhusu mtoto.

Mama yako

17 Machi

Mama,

Shikamoo, na sijazaa! Sijazaa, sijabeba, sijaficha. Mwaka ule wa mitihani nilikuwa na mitihani. Nilicheka barua yako, halafu sikucheka tena, maana Profesa naye ameendelea na upelelezi wake na alichokipata kimenitia ganzi.

Alinikwangua shavu kwa ndani na kijiti cha pamba. Seli za shavu zote ni za kike, hakuna hata moja iliyowaka. Akang'oa nywele zangu na mizizi yake, nazo za kike. Ni damu tu. Tena akapima kundi la damu, na mimi ni makundi mawili, Mama, sehemu ya tone inaganda na sehemu inakataa. Hapo Profesa alivuta kiti akakaa, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya kazini. Akasema seli alizoacha mtoto kwa mama huwa chache, za kutafuta kwa tochi. Theluthi nzima inatoka mahali pamoja tu.

Nikueleze ninavyokiona kwa panya kila siku. Damu haianzii kwenye mifupa, maana kijusi kinaanza kuhitaji damu kabla hakijawa na mifupa. Inaanzia nje ya mwili wake kabisa, kwenye kifuko kidogo kilichoshikana na tumbo lake. Hapo ndipo seli nyekundu za kwanza zinapotokea, kubwakubwa, za muda tu. Halafu ukuta wa ule mshipa mkuu unaopita mgongoni unaanza kuchipua seli nyingine. Tunaziita seli mama, kwa sababu ndizo zitakazozaa damu yote ya mtu huyo hadi afe. Nimeziona zikituna ukutani, zikajivuta, zikaachia, mkondo ukazichukua. Zinakwenda kukaa kwenye ini na kuzaana huko. Mifupa ikiwa tayari, karibu na kuzaliwa, zinahamia kwenye uboho na hazihami tena.

Sasa chukua vijusi viwili katika tumbo moja. Makondo yao ya nyuma yakigusana na mishipa ikaungana, seli mama za huyu zinaweza kuelea hadi kwa yule wakati bado zinatafuta pa kukaa. Mwili mchanga namna hiyo haujui bado kusema huyu si wangu. Unazipokea, zinaingia mifupani, na miaka yote inayofuata zinaendelea kutengeneza damu ya mtu mwingine.

Nilikuwa na pacha, Mama. Wa kiume.

Ulijua? Aliishia tumboni, au alizaliwa? Alizikwa wapi? Nimeulizwa kazini kama nimefiwa, kwa jinsi macho yalivyovimba, na sikujua nijibu nini. Nimemlilia mtu ambaye wiki iliyopita sikujua kama aliwahi kuwepo. Sikulaumu. Nataka tu kujua.

Chiriku

29 Machi

Chiriku,

Mlikuwa wawili. Wa kiume alitangulia kutoka, wewe ukafuata unapiga kelele, ndiyo maana tukakupa jina hilo.

Kaburi usiniulize, hakuna. Mama yako mkubwa usimguse kwa habari hizi, mzigo alionao unamtosha.

Twiga wamemhamishia chumba cha peke yake kwa sababu hata mafua sasa yanaweza kummaliza. Tunamwona kupitia kioo. Amekuulizia.

Mama yako

5 Aprili

Mama,

Mistari yako miwili imenikata maini. Nimejiambia hospitali za wakati ule huenda hazikuwapa wazazi mtoto aliyekufa wakamzike, na hutaki kukumbuka, basi sitakulazimisha. Siku ukiwa tayari utaniambia.

Lakini kukaa na kulia sikuwezi. Nimezungumza na hospitali ya Twiga, nikawaambia mimi ni mtoto wa mama yake mdogo, nataka kupimwa. Wamesema uwezekano kwa ndugu wa namna yetu ni mdogo mno. Nikasema mdogo si sufuri. Kesho nawatumia vichupa kwenye boksi la barafu, na nimewaonya kabisa kwamba damu yangu ina vituko, wasije wakapigana ngumi maabara.

Mmoja nimempoteza bila hata kumwona. Wa pili sitamtazama kupitia kioo hadi aishe.

Chiriku

9 Aprili

Chiriku,

Usitume hiyo damu. Nitakueleza. Usitume.

Mama yako

16 Aprili

Mama,

Barua yako ya kunikataza imenikuta nimeshatuma, na sasa najua kwa nini uliiandika mbio hata tarehe umeiandika pembeni.

Nilipigiwa simu nikiwa kazini, na glavu mkononi. Fundi wa maabara ya hospitali, mwanamke mpole, alianza kwa kuniomba radhi. Akasema, "Dada, tulikuomba utume damu yako. Umetuchanganyia na ya mgonjwa." Nikamwambia mgonjwa yuko safari ya siku nzima kutoka hapa, ningeipata wapi damu yake? Nikasikia anapekua makaratasi. Akasema theluthi ya seli zangu si kwamba zinafanana na za Twiga. Ni za Twiga. Wamezipima mara tatu. Halafu akasema, taratibu sana, kwamba tangu mwanzo na Twiga mwenyewe alionekana na seli chache za kike, wakadhani ni za damu aliyoongezewa.

Glavu sikuivua. Nilitoka nayo hadi barabarani, nimesimama kando ya watu wanaosubiri kuvuka, mkono mmoja wa buluu, na taa ikawaka kijani na watu wakavuka na mimi nikabaki.

Hakuna kaburi kwa sababu hakuna aliyekufa. Nimekula naye, nimepigana naye, nimemfundisha hesabu mezani kwetu, na wewe unatupakulia! Nimemlilia mtu ambaye yuko hai na anakufa sasa hivi.

Na lililonitoa roho si hilo hata. Daktari aliwauliza kama ana ndugu wa tumbo moja. Mlikuwa wawili chumbani. Mama Mkubwa akasema hana, na wewe ulikuwa umekaa pembeni yake. Ukaniandikia hayo kwa mkono wako, halafu ukaniuliza mimi nimemficha wapi mtoto.

Angekufa, Mama. Angekufa na mimi niko hapa nahesabu panya, na ninyi wawili mngesimama kupokea pole.

Ninakuja kutoa uboho. Lakini siingii kwenye chumba chake kumdanganya. Mmoja wenu amwambie kabla sijafika.

Mwanao wa kike

20 Aprili

Mwanangu,

Hukunisalimia, na sidai.

Dada yangu alipoteza mimba hadi akaacha kuzihesabu. Ya mwisho walimtoa na kizazi. Alikuja kukaa kwangu na mimi tumbo limeshaanza kunizuia kufika kwenye cherehani. Alinikanda miguu. Alinipikia. Kila mtoto alipocheza tumboni aliomba aweke mkono. Mlipozaliwa, wewe ulinyonya, yeye hakutaka ziwa langu, alilia hadi akawa wa zambarau. Dada akambeba, akatembea naye ukumbini, mtoto akanyamaza. Akimrudisha kwangu analia. Siku ya tatu nikamwambia, chukua. Sikushauriwa na mtu, wala sikupewa kitu. Dada alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi, akaanguka magotini hapo hapo na mtoto kifuani. Akaniomba jambo moja, kwamba wakati wowote, mbele ya mtu yeyote, yule ni wake. Nikaapa.

Sijutii kumpa. Hilo usilitarajie kutoka kwangu. Alilelewa vizuri kuliko wewe, na wewe nilikulea vizuri.

Kwa daktari ni kweli. Aliposema ndugu wa tumbo moja, nilimgeukia dada nikasubiri aseme. Yeye alikuwa anatazama meza. Akasema hana. Mdomo wangu ulifunguka, Chiriku, nakuapia ulifunguka, na sauti haikutoka. Nimeshona usiku na mchana tangu siku hiyo nikimsubiri yeye aanze, na yeye, sasa najua, alikuwa ananisubiri mimi. Kila mmoja aliogopa kuwa wa kwanza. Barua yako ya panya ilipofika nilijua dunia inanizunguka, nikakuandikia uongo wa mistari miwili.

Jana nimempelekea dada barua zako zote. Alisoma amekaa kitandani kwake, viatu mguuni. Alichukua mkoba akaelekea hospitali, na nilipomfuata alinizuia mlangoni kwa mkono.

Mama yako

22 Aprili

Mwanangu Chiriku,

Mimi ni mama yako mkubwa.

Nimemwambia. Walinivalisha gauni la hospitali na barakoa, nikaingia, nikamwambia hivyohivyo na barakoa usoni, maana ningeivua nisingeweza. Nilisema, "Sikukuzaa. Alikuzaa mdogo wangu, na Chiriku ni pacha wako." Alicheka. Alidhani ni homa inamchezea masikio. Nikarudia. Akaacha kucheka.

Nilijiandaa aniulize kwa nini mama yako alimtoa na mimi nikampokea. Hakuuliza hilo. Aliuliza, "Siku daktari alipowauliza, mlijua wote wawili?" Nikasema tulijua. Akageukia ukutani. Nilikaa hadi manesi wakanitoa.

Niliogopa nikisema nitampoteza, nikanyamaza mpaka karibu nimzike. Sielewi mtu anafikaje hapo, na mimi ndiye niliyefika.

Njoo upesi. Akikataa kukuona, toa hivyohivyo.

Mama yako mkubwa

30 Mei

Chiriku,

Umekimbilia kwa panya zako kabla sijaweza hata kukaa wima, basi barua hii naandika nimelala, na mwandiko ukikushinda mpe Profesa aweke chini ya darubini.

Daktari alikuja leo na uso wa mtu aliyeokota kitu njiani. Seli zinapanda. Nyeupe, nyekundu, zote. Nilimuuliza ni zako au zangu, akasema ni zote mbili, zangu ulizonitunzia na zako, na mwili wangu hauzikatai zako kwa sababu ulishazipokea kabla sijazaliwa. Akaanza kunieleza mambo ya kifuko na ini na mshipa wa mgongo, nikamwambia nina dada anayeongea hayo hadi usingizini. Ni mara ya kwanza kusema hivyo kwa maana yake kamili. Nesi alinikuta nimeduwaa, akapima presha.

Kiuno bado kinakuuma? Nasikia walikuchoma kwenye nyonga kama wanachimba kisima. Ulipokuja ukasimama nyuma ya kioo na mimi nikakutazama bila kupunga mkono, haikuwa hasira kwako. Nilikuwa natafuta uso wangu kwenye wako na niliupata, na sikujua nifanye nini nao.

Sasa ya hao wawili. Tangu nilipoambiwa nilikataa wasiingie, hata mmoja. Walikaa kwenye benchi la nje kila siku, hawasemezani, manesi wanasema mmoja akienda chooni mwingine anamshikia mkoba. Jana nikasema waje. Waliingia wamevaa magauni ya kijani na barakoa, macho tu ndiyo yaliyoonekana, na ukiyaona macho peke yake hujui yupi ni yupi. Wakakaa, mmoja kulia na mwingine kushoto. Nilikuwa nimepanga maneno makali, Chiriku, wiki nzima nimeyapanga, na yote yalinikauka mdomoni. Nilishikwa na kiu tu.

Nikatazama dari, nikasema, "Mama, naomba maji."

Wote wawili waliinuka. Wakatazamana juu yangu, juu ya kitanda. Halafu wote wawili, taratibu, wakakaa tena.

Maji aliniletea nesi.

Ndugu yako,
Twiga